Kabla ya Chupa ya Homoni, Udongo wa Karagwe Ulishwe

Mvua za vuli zikikatika Karagwe na Kyerwa, mgomba huvumilia kwa muda. Mahindi hayana subira hiyo. Kufika saa saba mchana majani yake yameshajikunja kwa urefu, ncha zimetazama juu, na mistari ya udongo mwekundu inaonekana katikati ya safu ambazo juzi zilikuwa zimefunikwa kijani. Jioni yakifunguka, mwenye shamba anapata nafuu. Yakikutwa bado yamejikunja alfajiri, kila mtu kuanzia Nyaishozi hadi Nkwenda anajua kwamba msimu umeingia pabaya.

Kinachotokea ndani ya jani hilo sasa kinajulikana vizuri, na ndicho kilichowafanya wanasayansi wa pande nyingi za dunia watafute namna ya kuusaidia mmea kwa homoni zake wenyewe. Udongo unapokauka, mmea huzalisha kwa wingi homoni inayoitwa asidi ya absisiki, iliyogunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Homoni hii hufika kwenye vitundu vidogo mno vilivyo juu ya ngozi ya jani, vitundu ambavyo walimu wa biolojia huviita stomata, na kuvifunga. Maji yanaacha kupotea hewani. Hapo mmea umejiokoa, lakini kwa gharama, kwa sababu kwenye vitundu hivyohivyo ndiko hewa ya kaboni inakoingilia, na bila hewa hiyo jani halitengenezi chakula. Mmea uliojifunga muda mrefu unaishi kwa kula akiba yake.

Gharama hiyo inakuwa kubwa zaidi wakati wa kuchanua. Mahindi hutoa mbelewele juu na ndevu kwenye kibunzi, na viwili hivyo vinapaswa kukutana kwa siku chache tu. Ukame ukiingia wiki hiyo, mbelewele hutoka kwa wakati wake na kumwaga chavua, ilhali ndevu huchelewa. Zinapochomoza, chavua imekwisha. Ndiyo maana mkulima anaweza kuwa na shamba lenye mabua marefu ya kupendeza na akavuna vibunzi vyenye punje kumi na tano zilizotawanyika kama meno ya kibogoyo. Kiangazi kifupi cha wakati huo peke yake kinaweza kupunguza mavuno kwa nusu au zaidi, hata kama mvua za mwezi uliotangulia na uliofuata zilikuwa nzuri.

Basi wazo la kuuongezea mmea homoni, kuupunguzia, au kuubadilishia wakati wa kuzitumia, si ndoto ya maabara. Lina msingi. Swali linalowahusu watu wa Karagwe na Kyerwa ni homoni hizo zimfikie mkulima kwa njia ipi, na zianze na nini. Kwenye maduka ya pembejeo nchini, busta za majani zimekuwa bidhaa ya kawaida, na baadhi ya lebo zinataja vichocheo vya ukuaji. Mkulima aliyeona majani yake yamejikunja ni mteja mwepesi. Hoja ya makala hii ni kwamba kwa wilaya hizi mbili chupa isiwe ya kwanza. Udongo utangulie, mbegu ifuate, na chupa yoyote inayodai kutibu ukame ipimwe kwanza katika ardhi ya mkoa wao wa Kagera, matokeo yake yawekwe wazi.

Ushahidi wa kuanza na udongo upo, na haukuletwa kutoka mbali. Ulipatikana Karagwe. Mtafiti Ariane Krause wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, akishirikiana na shirika la wakulima la MAVUNO, alipanda mahindi na mazao mengine ya kienyeji, jumla saba, yakichanganywa kama wakulima wa huko wanavyofanya, kwenye vijishamba vya mita 9 za mraba. Vingine vilipewa tope linalotoka kwenye mtambo wa biogesi. Vingine vilipewa mboji ya kawaida. Kundi la tatu lilipewa mboji iliyochanganywa na makaa ya mimea, pamoja na mkojo na kinyesi cha binadamu kilichopashwa joto hadi vimelea vikafa. Vingine vikaachwa bila kitu. Kila aina ilirudiwa mara tano ili bahati ya kona moja ya shamba isidanganye. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la kisayansi la SOIL.

Shamba ambalo halikupewa kitu lilitoa tani 1.10 za mahindi kwa hekta. Tope la biogesi lilifikisha tani 2.63, mboji ya kawaida tani 3.18, na mboji yenye makaa na kinyesi tani 4.40. Kwa hesabu ya ekari na gunia la kilo 100, ni tofauti ya gunia nne na nusu dhidi ya karibu gunia 18. Ni kweli kwamba vijishamba vya majaribio hutunzwa kwa uangalifu ambao ekari tatu za familia haziupati, kwa hiyo mkulima asitarajie gunia zote hizo. Lakini hata nusu ya ongezeko hilo ingebadilisha maisha ya nyumba.

Ndani ya taarifa hiyo kuna jambo ambalo wauzaji wa miujiza ya ukame wangelipita haraka. Watafiti walipima pia kama mboji hizo ziliongeza maji yanayopatikana kwa mimea udongoni. Hazikuongeza kwa kiwango cha maana. Mahindi yale hayakuzaa mara nne kwa sababu yalinyweshwa zaidi. Yalizaa kwa sababu yalishiba. Udongo ule una asili ya majivu ya volkano, una tabia ya kuishikilia fosforasi na kuinyima mizizi. Fosforasi iliyokuwa inapatikana kwa mmea ilikuwa miligramu 0.5 tu kwa kilo ya udongo, na mboji ile ya tatu iliipandisha hadi 4.4. Uchachu wa udongo nao ulipungua, pH ikatoka 5.3 kwenda 5.9.

Na hapa lishe na homoni vinakutana. Mmea wenye njaa ya nitrojeni huzalisha sitokinini kidogo, nayo ndiyo homoni inayolifanya jani libaki kijani na changa. Ikipungua, majani ya chini yanageuka njano mapema na kufa, jua liwe kali au lisiwe kali. Mmea wenye njaa ya fosforasi nao hubadilisha amri zake: hupunguza matawi, na mizizi yake humwaga udongoni homoni ziitwazo strigolaktoni ili kuita kuvu rafiki wanaosaidia kuleta fosforasi. Kwa hiyo mahindi ya shamba lililochoka yanaingia kwenye ukame yakiwa tayari na homoni za mmea ulioamua kubana matumizi. Kuyapulizia homoni nyingine juu ya majani, huku mizizi ikiendelea kutuma taarifa ya njaa, ni kupoteza fedha ya mtu ambaye hana fedha ya kupoteza.

Historia nayo inasaidia kupima madai. Mwaka 1926 Mjapani Eiichi Kurosawa, akifanya kazi Taiwan, alionyesha kwamba ugonjwa uliokuwa ukirefusha mipunga hadi ikaanguka ulitokana na kitu kilichotolewa na kuvu. Kitu hicho baadaye kilipewa jina jiberelini, homoni ya kurefuka. Miongo kadhaa baadaye ngano fupi za Norman Borlaug zilijaza maghala ya Meksiko, India na Pakistani, naye akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 1970. Siri ya ufupi wao ilifafanuliwa mwaka 1999: jeni zao zinaifanya ngano isiitikie jiberelini sawasawa. Nguvu iliyokuwa ikienda kwenye bua ikaenda kwenye suke, na suke zito halikuliangusha bua. Ushindi mkubwa kuliko wote wa homoni katika nafaka, basi, ulimfikia mkulima ukiwa ndani ya punje ya mbegu. Hakuhitaji kununua pampu wala kukisia siku ya kupulizia.

Dawa ya kupulizia yenye nguvu ya homoni pia ipo na wengi wanaijua bila kujua ni homoni: 2,4-D, kiua magugu kinachoiga oksini. Magugu yenye majani mapana hukua ovyo hadi yanakufa, mahindi yanabaki. Lakini ni nani Karagwe analima mahindi peke yake? Maharage yako katikati ya safu, na maharage yana majani mapana. Dawa iliyosifiwa kwenye mashamba ya zao moja inaangamiza mboga na fedha ya ada ya shule katika shamba la mchanganyiko. Tahadhari hiyohiyo inahusu homoni za ukame. Chupa inayoamuru vitundu vya majani vifungwe haichagui. Itaamuru mahindi, maharage yaliyo chini yake, na mgomba ulio pembeni, kila mmoja ukiwa kwenye hatua tofauti ya ukuaji na ukihitaji kitu tofauti. Majaribio mengi duniani hufanywa kwenye zao moja lililosimama peke yake. Kibanja cha Mnyambo wa Karagwe hakifanani na hilo.

Hii haina maana kwamba utafiti wa chupa ni wa kudharauliwa. Mwaka 2019 timu ya Sean Cutler wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, ilitangaza katika jarida la Science kemikali iitwayo opabaktini, inayoiga asidi ya absisiki na kushika vipokezi vyake kwa nguvu zaidi ya homoni yenyewe. Ilifanya kazi kwenye ngano na nyanya. Sababu ya kutafuta mwigo ni ya kibiashara na ya kibiolojia: asidi ya absisiki halisi ni ghali kutengeneza, inaharibiwa na mwanga, na mmea wenyewe huivunja haraka. Ndiyo maana imepata soko kwenye zabibu za mezani, ambako hutumika kukoza rangi ya tunda, badala ya kwenye nafaka.

Hata mwigo ulio bora unamtaka mkulima ajue jambo moja gumu, nalo ni siku. Faida ya kufunga vitundu mapema ni kuweka akiba ya maji udongoni kwa ajili ya wiki ya kuchanua. Ukipulizia na mvua ikanyesha kesho, umeuzuia mmea kula wakati wa neema. Ukichelewa, mmea umeshajifunga wenyewe. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania umeboreka, lakini milima na mabonde ya Kyerwa yanagawana mvua vibaya. Upande wa Kaisho unaweza kulowa huku jirani anatazama mawingu yakipita. Mwenye hekta elfu moja na vipimo vya unyevu vilivyozikwa shambani anaweza kucheza mchezo huo. Mama mwenye ekari moja na nusu hawezi, na si haki kumuuzia bahati nasibu kwa jina la sayansi.

Njia ya mbegu ina historia nzuri zaidi, na sehemu ya historia hiyo ni ya Afrika Mashariki. Kuanzia miaka ya 1970 watafiti wa CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, huko Meksiko walipanda mahindi kwenye ukame wa makusudi, wakachagua mimea ambayo ndevu zake hazikuchelewa nyuma ya mbelewele, wakarudia kizazi baada ya kizazi. Hawakugusa jeni hata moja kwa mkono. Walikuwa wakichagua, kwa jicho na rula, mimea ambayo amri zake za ndani hazikuvurugika kirahisi. Kazi hiyo ndiyo mzizi wa mradi wa mahindi yanayostahimili ukame barani Afrika ulioendeshwa na CIMMYT pamoja na IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, kuanzia 2006 hadi 2015, Tanzania ikiwemo.

Mtama nao una mengi ya kufundisha. Katika wilaya hizi unajulikana zaidi kwa kazi yake kwenye lubisi, pombe ya ndizi, kuliko kwenye sufuria ya ugali, na umepungua mashambani kadiri mahindi yalivyoenea. Ni hasara. Aina za mtama zinazobaki kijani hadi punje zijae, ambazo Australia imezitumia sana, zimetokana na mtama wa Ethiopia. Zinaweka matawi machache, zinatumia maji kwa kiasi kabla ya kuchanua, na watafiti wanahusisha tabia hiyo na jeni zinazoisafirisha oksini ndani ya mmea. Tanzania yenyewe iliidhinisha mwaka 2002 mtama wa Hakika na Wahi, uliotokana na kazi ya Gebisa Ejeta, Muethiopia wa Chuo Kikuu cha Purdue aliyepewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2009. Mtama huo ulichaguliwa ili kushinda kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka katika maeneo mengi ya Kanda ya Ziwa na katikati ya nchi. Mbegu ya kiduha hulala ardhini miaka na miaka ikisubiri kunusa zile strigolaktoni za mmea wenye njaa. Ejeta na wenzake walionyesha kwamba mtama unaomwaga kidogo harufu hiyo, au unaomwaga ya aina nyingine, haukiamshi kiduha. Mkulima wa Tanzania, kwa maneno mengine, ameshanunua homoni iliyorekebishwa ndani ya mfuko wa mbegu, na hakuna aliyemtaka avae barakoa.

Hatua kali zaidi ilichukuliwa Nairobi. Katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, timu iliyoongozwa na Leta Tulu Bedada, ikiwa na Mtanzania Miccah Seth miongoni mwa waandishi, iliingiza kwenye mahindi ya kitropiki jeni inayotengeneza sitokinini. Jeni hiyo ilifungiwa swichi iliyotoka kwenye maharage, swichi inayowaka jani linapoanza kuzeeka au mmea unapopata shida. Eduardo Blumwald wa California alikuwa ameonyesha mwaka 2007 kwamba mpango huo unaiwezesha tumbaku kuvuka ukame mkali. Mahindi ya Nairobi, yaliponyimwa maji ndani ya kitalu nyumba, yalibaki kijani muda mrefu kuliko wenzao. Taarifa ilichapishwa mwaka 2016. Mwaka uliofuata kampuni ya DuPont Pioneer ilieleza mahindi ya Marekani yaliyohaririwa jeni iitwayo ARGOS8 ili yasiitikie sana ethilini, homoni ya kuzeeka na ya msukosuko. Yakikutwa na ukame wakati wa kuchanua yalizidi wenzao kwa takriban kilo 127 kwa ekari.

Tanzania ilikuwa na majaribio yake ya mahindi ya uhandisi jeni Makutupora, Dodoma, tangu Oktoba 2016, ingawa jeni iliyotumika pale ilitoka kwa bakteria na haikuhusu homoni. Novemba 2018 serikali iliamuru yasimamishwe. Hofu ya wananchi kuhusu nani atamiliki mbegu ni ya haki na inahitaji jibu la kisheria. Hata hivyo kufunga jaribio lililozungushiwa uzio kunaizuia nchi kujua, na asiyejua hununua kile alichoambiwa na muuzaji. Mlango wa utafiti ufunguliwe tena, chini ya taasisi za umma, matokeo yakiwa mali ya umma.

Kwa msimu ujao wa Karagwe na Kyerwa, mambo yanayowezekana ni madogo na yako karibu. La kwanza ni mboji, na serikali za vijiji zina nafasi hapo kubwa kuliko zinavyodhani: choo kinachotenganisha mkojo, pipa la mboji, na elimu ya kupasha joto kinyesi ili kisirudishe minyoo shambani. Watu watasita. Ni kawaida kusita, na maofisa ugani wanapaswa kwenda na vibunzi vya mahindi mkononi kuliko na hotuba. La pili ni kuloweka mbegu kwa maji safi usiku kucha, kuianika kivulini mpaka isigandamane, na kuipanda siku hiyohiyo. Dave Harris na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bangor, Wales, waliipima njia hii na wakulima wa India na Zimbabwe katika miaka ya 1990; mbegu inaamsha jiberelini zake kabla ya kuingia ardhini, na miche inachomoza mapema na kwa usawa. Haigharimu kitu, ila isijaribiwe kwenye mbegu iliyokwisha kupakwa dawa kiwandani.

La tatu linazihusu taasisi. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) ina kituo chake Maruku, karibu na Bukoba, kinachojulikana kwa migomba. Kipewe fedha za kuweka mashamba ya mfano Nyaishozi, Nkwenda na Murongo, kwa misimu miwili, yakilinganisha mahindi na mtama kwenye udongo uliolishwa na usiolishwa, pamoja na maharage katikati, halafu busta zinazodai kuzuia ukame zipuliziwe kwenye pande zote mbili. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea ziwatake wauzaji waonyeshe matokeo ya mashamba hayo kabla ya kuandika neno ukame kwenye lebo. Na matokeo yabandikwe kwa Kiswahili, kwa gunia na kwa shilingi, kwenye ofisi ya kata na kwenye mlango wa duka la pembejeo, mahali ambapo mtu anasoma akiwa bado na hela yake mfukoni.